Papa Alphonse na Chumba cha Hostia

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na minane ya kazi katika nyumba moja, Papa Alphonse Kalenga, mzee wetu, anastaafu. Walioweka tarehe hiyo hawakuangalia kalenda. Ni sikukuu ya Uhuru, siku ambayo kila mfanyakazi wa nchi hii analipwa ili akae nyumbani, kwa hiyo siku yake ya mwisho kazini ni siku asiyotakiwa kazini. Sisi tunaomfahamu tunajua atakuja, atafunga tablia yake, aproni ya kazi, na atauliza kwa nini wengine wamechelewa.

Tumesema nyumba moja. Hatukusema mwajiri mmoja. Mwaka 1987 alipoingia kwenye geti letu, hapa palikuwa makao ya masista, nje kabisa ya Lubumbashi, matofali mekundu katikati ya msitu, na kibaraza chenye matao kinachozunguka ua. Masista walipozeeka na kubaki wachache, shirika lao liliwahamishia mjini na kuuza nyumba. Tangu 2011 ni hoteli ya mapumziko. Vyumba vya masista ni vyumba vya wageni, kanisa dogo ni ukumbi wa kulia chakula, na pale walipofulia nguo ni baa. Jina letu rasmi ni Le Cloître de Mukwemba, limeandikwa getini kwa herufi zinazong'aa umeme ukiwepo. Lakini madereva wa teksi hawajalizoea. Kwao hapa ni kwa bamasere, basi. Mabwana wengi wenye heshima zao, wanaokuja na mwenzi kupumzika mwisho wa juma, imewabidi wamwambie dereva kwa vinywa vyao wenyewe awapeleke kwa masista. Dereva haulizi kitu. Anapunguza tu sauti ya redio.

Papa Alphonse ni mtoto wa fundi wa reli aliyeshuka kutoka kaskazini ya Katanga, na alikulia katika familia ambamo saa ya treni na saa ya misa zilikuwa zinajulikana kuliko siku za kuzaliwa za watoto. Hapa aliajiriwa kupasua kuni na kulima bustani. Mkuu wa nyumba wakati huo alikuwa Mère Godelieve, Mbelgiji mfupi mwenye sauti ndogo na mikono iliyoharibiwa na baridi yabisi. Siku moja alimwona Alphonse amebeba gunia la mahindi begani huku anasalimia watu kama asiyebeba kitu. Akamwita ndani, akamfungulia mlango wa chumba kilicho nyuma ya sehemu ya kufulia, akamwonyesha chuma.

Kwa wasiowahi kuingia kwenye chumba hicho, tuseme kinafanyika nini mle. Masista walikuwa wanaoka hostia, vile vimkate vyembamba vya komunyo, za parokia zote za upande wetu. Ni unga mweupe wa ngano na maji. Hakuna chumvi, hakuna sukari, hakuna hamira. Ule uji mwepesi unamiminwa juu ya chuma kilichopashwa moto kwenye mbabula, jiko la makala. Chuma kina midomo miwili, ndani kimechongwa misalaba, kizito kama dhambi za mfanyabiashara. Midomo inafungwa, mvuke unalia, na ukifungua unakuta karatasi nyeupe ya unga. Huwezi kuikata papo hapo kwa sababu itavunjika kama kioo. Inabidi kwanza ikae mahali penye unyevu, ilegee kidogo, ndipo ikatwe duara moja moja. Mikono ya Mère ilikuwa imeshindwa na chuma. Mikono ya Alphonse ilikipokea, na haikukiachia hadi leo.

Patron Vital alipoinunua nyumba, alimkuta na Alphonse ndani yake, pamoja na chuma. Wote tunamjua Patron: mtu wa Butembo, kule Kivu, mfanyabiashara wa jumla, mwenye malori, Mprotestanti asiyekosa ibada. Masista walimwomba jambo moja tu, chumba cha hostia kisiguswe maadamu Alphonse yuko kazini. Patron alikubali kwa kupeana mkono. Hakuandika popote, na miaka kumi na minne hakurudi nyuma, hata baa ilipojaa na wateja wakaanza kunywa wamesimama. Ila kabla ya kujua vizuri alichokubali, alitupatia siku ya ufunguzi ambayo bado inasimuliwa.

Siku ile Patron alitaka kitu chepesi cha kutafuna pamoja na vinywaji. Akipitapita nyuma ya baa, akakuta makopo yaliyojaa vibiskuti vyeupe, vyembamba, safi kabisa. Hakuuliza mtu. Aliamuru viwekwe kwenye bakuli na karanga, na magarson wakavipitisha kwa wageni. Wafanyabiashara wenzake wa kutoka Kivu walitafuna wakasema si vibaya, ila vinahitaji pilipili. Upande wa pili, familia za watu wa reli na wa migodi, Wakatoliki, ziliacha kutafuna. Wengine waliweka glasi chini. Mama mmoja wa makamo, mwenye kofia ya manyoya, alipiga ishara ya msalaba, akafumba macho, akafungua kinywa na kungoja. Aliyekuwa mbele yake na bakuli ni Shalom, barman wetu hadi leo, Mprotestanti yeye pia, lakini kijana aliyefundishwa kwamba mteja hangojeshwi. Akamwekea moja juu ya ulimi.

Papa Alphonse alitoka jikoni na sinia. Hakukimbia wala hakugomba. Alizunguka anatabasamu, anachukua bakuli moja baada ya nyingine na kuacha kapenta, dagaa wa kukaanga, mahali pake, kana kwamba ndivyo programu ilivyopangwa. Kisha alimnong'oneza Patron kwamba hakuna dhambi iliyofanyika, ule ni unga tu, padri hajausomea kitu. Lakini watu hawa wakishatafuna hiyo hawataagiza bia tena hadi jioni. Patron alielewa lugha hiyo mara moja. Toka siku ile chumba kina kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni mwa Alphonse.

Kufuli halikumaliza matatizo yote. Mwezi wa sita na wa saba hewa yetu inakauka mpaka midomo ya watu inapasuka, na karatasi za hostia zinapasuka pia. Alphonse alitafuta unyevu nyumba nzima, akaupata kwenye bafu la chumba kikubwa, kilichokuwa cha Mère Godelieve, ambacho sasa ni chumba chetu cha bei ya juu. Kikiwa hakina mgeni, alifungulia maji ya moto, akatundika karatasi zake kwenye kamba juu ya beseni, akafunga mlango. Siku moja injinia wa mgodi, ambaye alitazamiwa kesho yake, alifika siku hiyo hiyo. Alipewa ufunguo, akapanda. Baada ya muda mfupi alipiga simu mapokezi, kwa adabu sana, kusema kwamba chumba kinapendeza, ila taulo ni nyembamba mno, na moja imemvunjikia mikononi. Papa Alphonse alimpelekea taulo za kweli yeye mwenyewe, akamweleza yote. Injinia huyo hurudi kila mwaka, na kila mara huuliza kwanza kama bafu lina mtu.

Ndivyo hostia zetu zilivyosafiri miaka yote hii, toka parokia za mjini hadi kule Kilwa yetu ya ziwani, ambako barabara inachagua yenyewe nani afike. Na nani alizipeleka huko bila kulipwa? Malori ya Patron Vital. Tumewahi kumsikia akimwagiza dereva kwamba saruji ikilowa watazungumza, chumvi ikimwagika watazungumza, lakini makopo ya Alphonse yakivunjika asirudi. Mprotestanti yule hajawahi kuingia kwenye misa hata moja. Ila hatujui ni Mkatoliki gani aliyefanya zaidi kwa ajili ya misa hiyo.

Lakini neno lililokubaliwa lilikuwa maadamu Alphonse yuko kazini. Mwezi wa kwanza mwaka huu, Patron alimwita ofisini. Baa imebana, friji mpya ya vinywaji imeshaagizwa, na nyuma ya baa kuna chumba kimoja tu. Papa Alphonse hakubishana. Aliomba tu aruhusiwe kumfundisha mtu mwingine. Patron alifikiri, akajibu kwa Kiswahili chake cha kwao:

“Alphonse, miye niko mutu wa mapatano. Unipatie mutu mumoja, chumba inabakia. Hakuna mutu, siku wewe unatoka, friji inaingia.”

Mtu mmoja! Tulidhani ni jambo dogo. Katika hoteli yetu Wakatoliki ni wengi kuliko vitanda. Alphonse alianza jikoni, akaenda bustanini, akapita kwa wafua nguo, akamaliza kwa walinzi wa geti. Kila mmoja alimsikiliza vizuri, akamsifu, akakataa. Na sababu ilikuwa ile ile. Katika mji wetu mtu anaweza kukaa na mama wa watoto wake miaka ishirini, mahari yametoka, wakwe wanamwita mwana, kila kitu kimekamilika isipokuwa kanisa, kwa maana harusi ya kanisa inataka suti, keki na orkestra, na vitu hivyo vitatu havijawahi kukutana katika mwaka mmoja. Mtu wa hivyo kanisa halimruhusu kupokea, kwa hiyo wakati wa komunyo anabaki kwenye benchi na kutazama viatu vyake. Na anayebaki kwenye benchi anaona hata kugusa unga wa hostia ni kutafuta balaa. Mpishi mmoja alisema hapana, mkono wake utakauka. Mlinzi alisema ana nyumba mbili, za wake wawili, afadhali tusimwongezee kesi ya tatu mbele ya Mungu.

Miezi ilipita. Mwezi wa nne friji ilifika kutoka mpakani Mokambo, ikawekwa kibarazani ndani ya karatasi yake, mlangoni kabisa pa chumba cha hostia. Papa Alphonse akawa anaizunguka kila asubuhi akiingia. Tulimwona anapungua. Aliacha hata kutania watu kuhusu bukari yao, ugali wa mchana, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Katika mkutano wa wafanyakazi wa mwezi wa tano, Patron aliuliza mbele ya wote kama mtu amepatikana. Shalom ndiye aliyenyoosha mkono. Alisema yeye haogopi, kwake ile ni biskuti, na chuma hakimshindi. Patron alifurahi. Lakini wale wale waliokataa kwa miezi minne ndio waliosimama kupinga. Hostia aoke mutu wa baa? Mprotestanti? Anayefungua chupa kwa meno? Shalom alijibu kwamba chupa aliifungua kwa meno mara moja tu, na aliyeomba alikuwa katekista. Kelele zikapanda. Glodie, anayetandika vyumba vya ghorofani, alikuwa amekaa karibu na mlango, na kitambaa chake cha vumbi juu ya magoti. Yeye pia alikuwa ameshaombwa na ameshakataa. Anaishi mtaa wa Hewa Bora na baba wa watoto wake, na jambo la kanisa wanalipanga kila mwaka kwa mwaka ujao.

Papa Alphonse akasimama. Ni mtu anayeimba besi kwenye kwaya, kwa hiyo hahitaji kupaza sauti.

“Banduku yangu,” alisema, “Mère alinitiaka mu ile chumba akijua yote. Miye na Constance, kanisa haiyatufungisha. Tangu nilianza iyi kazi, komunyo sikukula hata siku moya. Ile iko unga na mayi. Kule ku altare njo kazi ya mupe, padri. Huku iko kazi ya mukono. Na mukono yangu, muiangalie, haikuungua.”

Hapo alikosea kidogo, maana mkono wake una alama za chuma kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Lakini hakuna aliyecheka.

Miaka thelathini na minane! Tulitazamana. Wengine tunasali naye parokia moja na hatukuwahi kuona. Ukweli ni kwamba wakati wa komunyo kwaya inaimba, na hakuna anayehesabu nani wa besi ameteremka na nani amebaki. Mama Constance, ambaye tunamjua sote kwa maandazi yake ya Krismasi, aliolewa kanisani akiwa binti na mwanamume aliyevuka mpaka pale Mokambo kwenda kutafuta biashara Zambia, asirudi, asitume neno. Kwa kanisa alibaki mke wake. Aliyemtunza na kumlelea watoto ni Alphonse, na kila Jumapili wote wawili walibaki nyuma, yeye kwenye benchi, bwana kwenye kwaya. Alphonse hakuwahi kuwaeleza watu, na hakuna aliyefikiri kumuuliza mwokaji kama amekula.

Kisha Glodie aliuliza, bila kusimama:

“Papa Alphonse, na nikichoma zote?”

“Tutazikula na chai,” akasema Alphonse.

Kesho yake asubuhi Glodie aliingia kwenye chumba cha hostia akiwa amejifunga kitambaa kichwani kama anayekwenda msibani. Chuma kilimshinda, basi Shalom akaja kukiinua. Hadi leo ndivyo wanavyofanya: Shalom anafungua na kufunga midomo, Glodie anamimina na kuangalia rangi, na wale waliopinga wamekubali kwamba Mprotestanti anaruhusiwa kushika mpini. Hostia za kwanza zilitoka za kahawia. Tulizila na chai, jiko zima, wiki mbili. Za wiki ya tatu zilikuwa nyeupe upande mmoja. Patron alipita, akaonja kipande, akasema bado kinahitaji pilipili, kisha akawaita vijana wahamishe friji. Sasa iko mapokezi, karibu na sanamu ya Bikira ambayo masista walituachia, na wageni wamekwisha kuzoea.

Mwanzo wa mwezi huu makopo ya kwanza ya Glodie yalipanda lori la Kilwa. Baada ya siku chache padri wa huko alipiga simu. Alitaka kujua kama unga umebadilika, kwa sababu hostia zimekuwa nene, Wakristo wanatafuna na misa inachelewa. Papa Alphonse alimjibu kwamba unga ni ule ule, mukono njo umebadilika, wamvumilie Glodie kama walivyomvumilia yeye miaka yake ya kwanza. Glodie alikuwa pale anasikiliza. Jioni ile alibaki kazini bila kuombwa na mtu.

Kuna habari moja iliyobaki, na tunaiweka hapa kwa ruhusa ya mwenyewe. Mwisho wa mwaka jana, mdogo wa yule mume wa kwanza alipita Lubumbashi akaleta habari kwamba kaka yake alifariki Kitwe, kule Zambia, zamani kidogo, na huko ndiko alikozikwa. Mapadri waliuliza, wakahakikisha, wakachukua muda wao, kama kawaida ya mapadri. Jumamosi hii, tarehe 28 Juni, Alphonse Kalenga na Mama Constance watafunga ndoa kwenye parokia yao ya Hewa Bora. Hakutakuwa na orkestra. Keki inatengenezwa jikoni kwetu. Suti ameitoa Patron, na ina kifua kikubwa kidogo, maana Patron hakukubali apimwe, alimkisia kwa macho tu. Chakula cha mchana ni hapa, kwa bamasere, kwenye ukumbi uliokuwa kanisa, na ndicho kitakachokuwa pia sherehe ya kumuaga. Wote mnakaribishwa. Aliye zamu mapokezi atawekewa sahani.

Hostia za misa hiyo ameoka Glodie.

Papa Alphonse, asante kwa chuma na kwa kapenta ya siku ya ufunguzi, asante kwa kutuacha tukudhanie uko mbele yetu wakati ulikuwa umebaki nyuma pamoja nasi. Wewe na Mama Constance muishi kwa amani, mlale hadi jua liwachoshe, na mkija kututembelea mpite mlango wa wageni. Ombi letu ni moja tu. Jumamosi, padri akiinua ile hostia mbele yako, usimuulize ilikaa juu ya chuma muda gani. Sema Amina, ule.